Kodi ya Kaka Funguo

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha uani,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo wewe? Shemeji hajambo? Wanangu wanaendeleaje na masomo, na kifua cha yule mdogo kimepoa? Sisi huku tu wazima. Goti linamsumbua Mama asubuhi, lakini likishapata joto anatembea kutushinda, na maneno yake ndiyo yale yale.

Najua Kaka Funguo alikupigia simu akakwambia nimemuuza mbele za watu. Uliponigombeza nilisikiliza kwa adabu. Sasa kaa kitako nikueleze ilivyokuwa.

Unajua kazi yangu ni kufua mashuka ya hospitali. Tangu mwaka jana serikali ya jimbo ilikuwa inatumia kuliko inachokusanya, na pengo hilo lilitufikia hadi kwenye mapipa yetu ya kuchemshia. Sabuni ilikatwa nusu. Dada, shuka la mzazi halitakati kwa maji matupu. Tulisugua hadi vidole vikachubuka, na bado wakunga waliturudishia. Mwezi wa tatu tukaambiwa fedha zisipopatikana, wodi ya wazazi itafungwa.

Kamati ya bajeti ikawaita wananchi ukumbini. Mhasibu wa jimbo, mama mmoja mpole, akaeleza kwamba pengo litazibwa kwa kuongeza kodi kwenye sabuni, unga na mafuta ya kupikia, maana huko ni rahisi kukusanya. Wenye nyumba za kupangisha, waliojaa safu ya mbele, wakapiga makofi. Kaka alikuwa katikati yao, na kile kitita chake cha funguo za majengo kiunoni.

Nilinyoosha mkono kabla sijajua nitasema nini.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," nikasema, "mche wa sabuni ninaonunua mimi ndio huo huo anaonunua mwenye majengo manne. Mkitutoza hapo tutalipa sawasawa, lakini mimi nitapunguza chakula cha nyumbani, yeye hata hatagundua. Sikatai kulipa. Nikateni kwenye mshahara, kidogo kwa udogo wake. Na mwenye kingi akatwe kingi."

Kaka akasimama. "Mkitutoza majengo, tutawapandishia wapangaji kodi!"

Hapo ulimi uliniteleza. "Kaka, kodi ikija kwako unaijua hadi tarehe. Ikitakiwa itoke kwako, unauliza ni mnyama gani?"

Ukumbi mzima ulicheka, hadi Mwenyekiti akaficha mdomo kwa karatasi zake. Kaka alitoka bila kunitazama. Kumfanya kichekesho ndiko kunakoniuma, na jioni ile ile nilimwomba radhi mbele ya Mama. Mengine niliyosema siyafuti.

Wiki tatu baadaye kamati ikatangaza: sabuni, unga na mafuta havitaguswa. Majengo ya kupangisha yatatozwa kwa ngazi, mwenye moja alipe kidogo, mwenye mengi apande. Mishahara minono nayo itaongezewa kodi. Na mpangaji asipandishiwe kodi kwa mwaka mzima. Wodi ipo, Dada! Juzi nimeanika mashuka yake sitini na mawili, meupe hadi yanaumiza macho.

Kaka alininunia mwezi mzima. Alikuja kumsalimia Mama saa ambazo mimi niko kazini. Kisha Jumamosi iliyopita, mchana, akaingia na fomu ya kodi mkononi. Akasema amesahau miwani, nimsomee. Miwani ilikuwa inachungulia kwenye mfuko wa shati. Sikuiona.

Tukaketi mezani. Jina, nikaandika. Mtaa, nikaandika. Idadi ya majengo?

"Matatu," akasema.

Niliinua kalamu tu, nikangoja. Mama, aliyekuwa akichambua mchele pembeni, akakohoa.

Kaka akatazama dari, kisha akacheka kwa pua. "Andika manne, we mchokozi. Nimezeeka, siwezi kuwadanganya wanawake wawili kwa mpigo."

Akanywa chai vikombe viwili, akatia sahihi. Wakati wa kuondoka akanivuta sikio kama zamani.

Sasa ni zamu yako. Ile nyumba yako yenye wapangaji nayo imo, ila iko ngazi ya chini kabisa. Fomu nimeijaza yote, nimeikunja humu ndani. Imebaki sahihi yako tu. Ningekuwa na shaka nawe, nisingenunua stempu.

Shangazi anakusalimu sana, na Wifi anasema ile kanga uliyomletea ndiyo anayotokea nayo kila Ijumaa. Mama anauliza utakuja lini, jibu usinipe mimi, mpe mwenyewe. Mungu awape afya, riziki halali na nyumba yenye vicheko.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata unaponigombeza,

Mfua Mashuka