Kompresa Iliyonyamazishwa

Jumanne, Ilemela

Mstari wa mtetemo kwenye skrini yangu umenyooka leo.

Wiki nzima kifaa changu cha kupima mtetemo kimelia kwamba beringi ya kompresa ya kupozea hapa kiwanda cha samaki inakufa, na kompresa inaweza kupasuka. Mzee Masanja, fundi mkuu, kagusisha bisibisi kwenye kompresa, mpini sikioni, kasikiliza. "Nzima hii, mwanangu."

Leo nimekuta mafundi wamekibandua kifaa na kukibandika kwenye kompresa ya akiba, ambayo haijawashwa.

"Umeona? Kimetulia," akasema mzee.

Nilitaka kukirudisha. Meneja akanikataza, eti kengele inawatisha wakata minofu. Nimechoka kubishana. Hata ripoti zangu hazisomwi.

Mke wangu anakata minofu hatua tatu kutoka kompresa ile inayokufa. Jioni kanishukuru: "Afadhali mmetengeneza. Leo nimefanya kazi bila wasiwasi."