Picha Yako Imerudi Ukutani

Chumba cha nyuma, nyumbani kwetu,
Jumapili jioni, baada ya ibada.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje na zile zamu za kusimama wodini? Na binamu yangu mdogo, ameshaota meno? Sisi tu wazima, ila kikohozi cha Bibi humpanda jioni.

Najua habari za kifo cha Babu zilikufikia akiwa ameshazikwa, na tangu hapo hujapiga simu. Sikulaumu. Lakini huku kimya chako kimegeuzwa ushahidi. Baba mdogo, aliyepewa kazi ya kukuarifu, anasema alikupigia kwa simu yake, nawe ukajibu huna nafasi. Bibi akaitoa picha yako ukutani, akaificha chini ya godoro.

Simu hiyo ilikuwa kwa fundi. Mimi ndiye niliyeipeleka kabla Babu hajafariki, na niliifuata baada ya mazishi.

Unajua mimi si msemaji. Juzi mezani walipoanza tena kukusema, nikajikaza: "Baba mdogo, simu yako haikuwepo siku ile."

"Profesa, soma vitabu vyako. Mambo ya wakubwa yatakuvunja miwani."

Wakacheka wote. Baadaye Mama akaninong'oneza, "Ungemeza tu, mwanangu."

Sasa nikiingia sebuleni maneno hukatika. Nakula mwisho, peke yangu, kitabu nimekiegemeza kwenye jagi, na ukurasa haugeuki.

Uliponifundisha zile Amri Kumi jikoni, nilikuuliza huyo jirani tusiyepaswa kumsingizia ni nani hasa. Ukasema wa kwanza ni yule unayekula naye. Basi hata Baba mdogo sitaki kumwongezea neno. Nadhani alisahau katika pilikapilika za msiba, kisha akaona haya. Naye ni jirani yangu.

Leo nimetoka kanisani nikakuta picha yako imerudi ukutani. Imekaa upande, maana Bibi haufikii msumari vizuri. Kumbe jana, alipoaga kwamba anakwenda kununua sabuni, alipita kwa fundi wa simu. Fundi ndiye aliyeniambia; Bibi hakunieleza kitu. Aliniomba tu namba yako, niiandike kwa tarakimu kubwa. Karatasi anayo mkononi tangu mchana, na simu iko mapajani. Hapigi.

Tafadhali, Shangazi, anza wewe.

Nisalimie binamu yangu na yule muuguzi mwenzako anayekusukia nywele. Mungu akutunze katika kila zamu, akurudishie usingizi wako.

Wako akupendaye, na anayekukumbuka kila anapokaa mezani,
Profesa