Namba Niliyokuwa Nayo Peke Yangu

Jumatatu, 1 Oktoba 1979

Nimefungua kabati la siri saa moja na robo. Mafaili mia moja themanini na sita. Nimehesabu mara mbili, kama kila Jumatatu. Hakuna lililosogea. Kufuli zima, funguo shingoni kwangu.

Saa nne Komba, dereva wa lori, kapita dirishani. Kaniuliza eti Kilosa nzi ni wengi? Nikamwambia mie nitajuaje. Akacheka, akaenda zake.

Komba yumo kwenye orodha ya uhamisho. Watu kumi na watatu wanapelekwa shamba la mkonge la Shirika huko Kilosa, na watatangaziwa mwisho wa mwezi. Tunaojua ni watatu tu: Meneja Utumishi aliyeiandika kwa mkono, Tatu aliyeipiga chapa Ijumaa, na mie karani wa masjala ya siri.

Labda kabahatisha. Labda.

Jumanne, 2 Oktoba

Hakubahatisha. Watu watano wameulizana habari za Kilosa kwenye foleni ya sabuni. Nilikuwa nyuma yao. Wananiona, wanageuzia bei ya sabuni.

Sielewi. Juu ya majalada yangu hakuna jina la mtu. Hata mwizi akivunja kufuli atakuta namba tupu. Mpango ni wangu, niliutunga mwenyewe miaka mitatu iliyopita, Meneja akaupigia makofi. Nachukua namba ya kazi ya mtu, naongeza namba ya siri, halafu naipindua tarakimu nyuma mbele. Komba ni 305. Namba ya siri ni 137. Jumla 442, ikipinduliwa 244. Faili lake ni 244. Namba ya siri haijaandikwa popote. Iko kichwani kwangu tu.

Mie nilianza hapa kwa kufagia. Hesabu nimejifunza ukubwani, darasa la jioni, pamoja na watu waliokuwa wanasinzia. Nani humu ndani anaweza kuufungua mpango huu? Lakini kama kuna aliyeufungua, basi 137 imekufa. Kuanzia leo ni 162. Nimeanza kubadilisha majalada. Hadi mchana sitini na nane.

Jumatano, 3 Oktoba

Aibu. Kantini imejaa, Komba kasimama na sahani ya wali mkononi: "Dada Somoe! Mie namba ngapi huko kwenye kabati lako? Nipe basi nikachezee bahati nasibu!" Ukumbi mzima kicheko. Halafu akataja majina. Yote kumi na matatu. Wenyewe walikuwemo, wengine wanatafuna bado.

Nimeacha chakula. Lakini masikio yalikuwa yanahesabu. Komba kayataja kwa mpangilio: mpishi wa kwanza, fundi bomba wa pili, yeye wa tatu, mpaka mwisho. Huo ni mpangilio wa karatasi ya Tatu. Kwenye kabati langu watu wamepangwa kwa namba, mpishi yuko chini kabisa. Kwa hiyo siri haikutoka kabatini. Imetoka kwenye karatasi yenyewe, kabla sijaigeuza namba.

Karatasi hiyo niliichoma kwa mkono wangu Ijumaa nyuma ya kantini. Asili na nakala mbili. Majivu nikayamwagia maji. Meneja hawezi kujisaliti. Mie sikusema. Anabaki mmoja.

Nimekwenda kwa Meneja nikamwambia ni Tatu. Nilisema mlango ukiwa wazi, na makarani wawili wako nje. Tatu kaitwa. Kalia. Kaniambia, "Dada Somoe, ningekuangaliaje usoni kama ningesema? Hata mama yangu sijamwambia." Nikamjibu majibu ya hesabu: watatu tukitoa wawili anabaki mmoja.

Kasimamishwa kazi mpaka kamati ikae Jumanne ijayo. Kaondoka na kanga yake imekunjwa kwapani, bila kuaga.

Nilitaka kufurahi. Sikuweza. Nikarudi kwenye majalada, hasira imenipanda, nikamaliza yote yaliyobaki kabla ya saa tisa.

Alhamisi, 4 Oktoba

Kichwa kizito. Barua za siri nimezipiga chapa mwenyewe, kidole kimoja kimoja. Tatu angemaliza kwa saa moja. Mie zimenichukua saa nne.

Majirani zake hapa Temeke wamejua. Mwenye duka hakuniitikia salamu.

Ijumaa, 5 Oktoba

Siku mbaya kuliko zote.

Asubuhi Meneja kataka faili la Komba, amjue vizuri kabla hajamwita. 305 na 162 ni 467, pindua, 764. Nimelitoa, nimempelekea. Komba kaitwa. Meneja akamgombeza kwa kulala lindoni na kuacha geti wazi. Komba akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ndugu Meneja, mie naendesha lori. Geti hilo nalipita tu."

Lilikuwa faili la mlinzi wa geti; jina lake liko kwenye fomu ya ajira chini kabisa, na Meneja kasoma karatasi za juu tu.

Nimekaa chini nikakokotoa mara tatu kabla sijaona. Mlinzi namba yake ya kazi ni 366. Kwa siri ya zamani, faili lake lilikuwa 305. Juzi nilipobadilisha kwa hasira, nimeona 305 juu ya jalada nikaongeza 162 moja kwa moja, kama vile ndiyo namba ya mtu. Nimesahau kuivua ya zamani kwanza. Na sikufanya hivyo kwa moja. Jumanne nilivua, Jumatano sikuvua. Au nilivua baadhi. Sijui yapi. Nimejifungia nje ya kabati langu mwenyewe, na funguo ninazo shingoni.

Nikaona dawa ni kufungua faili mojamoja, kusoma jina, kuandika orodha mpya kwa nakala. Nimeshuka stoo kuomba kaboni, ile karatasi nyeusi ya kuweka katikati ili nakala itoke.

Mzee Nambunga, mtunza stoo, mtu wa kwetu, nilimwamkia, akaniitikia, akasema, "Mpya hakuna, mwanangu. Chukua hii. Bado inakamata, imepita mashine mara moja tu."

Nimeiinua dirishani nione kama imechoka. Herufi nyeupe kwenye weusi. Mpishi. Fundi bomba. Komba. Wote kumi na watatu, safi kama walivyopigwa.

Nikauliza imetoka wapi. Akashangaa. "Si uliileta wewe?" Akafungua daftari la stoo. Ijumaa iliyopita, kaboni mbili zilizotumika, na sahihi yangu. Toka karatasi ziadimike, hupewi kaboni mpya bila kurudisha ya zamani. Tatu alinipa zile mbili niende nazo kwa kuwa mie ndiye naruhusiwa stoo. Nikaenda, nikasaini, nikaenda nyuma ya kantini kuchoma karatasi.

Ile nyingine? "Nimewapa madereva Jumamosi, wajazie hati za safari." Komba ni dereva.

Mzee kaniuliza kama naumwa. Nimesema joto.

Jumamosi, 6 Oktoba

Kaboni iko mezani hapa nyumbani, ndani ya gazeti. Kiberiti kipo.

Nimehesabu hivi. Ile ya madereva imeshajaa maandishi mengine; nikiichoma na hii, hakuna atakayejua. Mzee hasomi zinazopita mikononi mwake. Kamati inakaa Jumanne, Tatu anafukuzwa, mie nabaki na kabati. Nisipoichoma, Tatu anarudi na mie sijui naenda wapi. Miaka kumi na moja tangu ufagio.

Na hasira ninayo. Amri ya kurudisha kaboni kaitia sahihi Meneja mwenyewe. Mbona hakuna aliyesema za siri zisirudishwe? Mbona mie ndiye nibebe?

Lakini Tatu alilia na mie nikamjibu kwa kutoa na kujumlisha.

Nimevaa viatu nikarudi ofisini kabla ya saa sita kufunga.

Meneja kaiinua kaboni dirishani kama nilivyofanya mie. Kasoma mpaka chini. Kaniuliza kwa nini sikuichoma. Nikamwambia na yeye amri ile ni yake. Nilisema kwa sauti. Akasema, "Ndugu Somoe, liandike hilo, nitalipokea." Halafu akasema Tatu arudi Jumatatu. Kuhusu mie, atanijulisha.

Jumatatu, 8 Oktoba

Tatu karudi. Nimesikia mashine yake kupitia ukutani tangu saa mbili. Mie nimekwenda masjala ya wazi, dirisha la kupokea barua. Barua yangu ya uhamisho ilikuwa na mistari miwili tu.

Sijui kama nimeonewa au nimehurumiwa.

Jumanne, 9 Oktoba

Nimemkabidhi kabati Regina, karani aliyechukua nafasi yangu. Mafaili yote nimeyarudisha sawa, jina kwa jina, Jumapili nzima imeishia humo. Nikamwinamia sikioni nikamwambia namba ya siri. Mara ya kwanza kuisema kwa mdomo.

Akachukua kalamu, akaiandika kwenye kipande cha karatasi, akakibandika kwa gundi ndani ya mlango wa kabati. "Mie hesabu zanipita kichwani, dada."

Nikavua funguo shingoni, nikampa.

Alhamisi, 11 Oktoba

Mvua kidogo asubuhi. Tatu kaja dirishani kuleta barua za kutumwa. Watu walikuwepo, wanne au watano. Nimesimama nikamwomba radhi hapo hapo, maana nilimshitaki watu wakisikia. Nimesema kosa lilikuwa la mkono wangu na yeye hana lake.

Kanitazama. Kasema, "Nimesikia, dada Somoe." Kasaini daftari, kageuka, kaenda zake.

Hakusema amesamehe. Hakusema hajasamehe. Nimelifikiria neno hilo siku nzima, sijafika mwisho wake.

Barua zilizoingia leo arobaini na moja. Zote za wazi. Nimezigawa kabla ya saa nane.