Anania Anafumba Macho Bila Kusali

Njombe, 14 Juni 1951
Asubuhi hii umande umeganda juu ya nyasi, na ukungu umeifunika hata barabara.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kifua chako kinaendeleaje na baridi hii? Mimi ni mzima, ila moyo haujatulia kwa ajili ya kaka Anania.

Tulipokuwa Makambako, lori lilipiga kishindo njia panda, naye akajitupa mtaroni akiwaita askari wenzake wa vita vya Bama, kule Asia. Ndipo nikamleta hapa kwa daktari mmoja aliyetoka Seloni, kisiwa kilicho karibu na Uhindi, mfuasi wa dini ya Budha. Kila asubuhi humketisha benchini, macho yamefumbwa, aangalie pumzi yake tu ikiingia na kutoka. Vishindo vikimjia kichwani, asivikimbie. Kisha kaka huingia chumbani kumweleza daktari alichokiona. Daktari anasema kuketi alifundishwa na watawa wa kwao, na mazungumzo aliyajifunza akitibu askari. Kimoja peke yake hakitamtosha kaka.

Jumatatu wagonjwa walimwona hivyo, wakavua kofia, wakainamisha vichwa. Wakangoja. Mwishowe bibi mmoja akasema, "Mwanangu, sema Amina basi, uji unapoa!"

Anania akacheka, Mama. Sijamsikia akicheka tangu arudi kutoka vitani.

Habari ikamfikia mzee wa kanisa, akaja jana.

"Unamwomba nani?"

"Simwombi mtu, mzee. Napumua."

"Hata ng'ombe anapumua! Ukiendelea, Meza ya Bwana usiisogelee."

Anania anasema ataacha au ataendelea kwa neno lako tu. Na jana hiyohiyo ndipo alipomtaja kwa mara ya kwanza rafiki aliyefia mikononi mwake. Daktari anaogopa kwamba akikatiza hapo atazidi kuumia. Mimi naogopa yote mawili, kuumia kwake na kutengwa kanisani. Niliketi naye mara moja. Sikuona sanamu, sikusikia jina la mungu yeyote. Lakini mimi ni nani hata nijue?

Baba mdogo akikuhimiza umwite kaka arudi nyumbani Mlangali, tafadhali mwambie asubiri. Nipe neno lako upesi.

Nisalimie shangazi anayekutekea maji, na wifi, mke wa Anania. Mwambie mumewe anamtaja kila siku.

Mungu akulinde, Mama.
Binti yako, Rahel

Naongeza asubuhi ya tarehe 15, kabla ya kuifunga barua: jana usiku Anania alilala mapema. Nikakaa nikisubiri apige kelele usingizini kama kawaida yake. Hakupiga. Mimi ndiye niliyechelewa kupata usingizi, hadi saa tisa usiku.