Nguo za Kulalia Uwanjani Njombe

Lyamkena,
S.L.P. 73,
Makambako.
16 Julai, 1991.

Mpendwa mpwa wangu Alfonsi,

Kamwene! Hujambo wewe? Idda hajambo? Watoto wanakula? Najua huko Dar es Salaam mnatoka jasho hata mkiwa mmekaa. Huku Julai imetukalia kooni, maji ya kunawia asubuhi yanauma kama mbwa. Magoti yangu yanalalamika, ila mdomo mzima, kama unavyoona.

Habari kubwa ni hii: Jumamosi nimeshinda mbio za mita elfu moja na mia tano kule Njombe.

Haya, usimwite Idda. Sikukimbia mimi. Alikimbia Zita, mtoto wa Dafroza wangu, mimi nilishika viatu tu. Na kama alishinda au la, subiri, stempu nimelipia barua nzima.

Mwaka jana Zita alikuwa wa tatu, na wanaochukuliwa kwenda Iringa kwenye mashindano ya mkoa ni wawili. Misuli ilimkaza katikati ya mbio. Alirudi analia, akasema atajaribu mara moja tu, akikosa tena anaacha kukimbia kabisa.

Mwalimu wake Nikodemo akaja nyumbani kusema mtoto atafutiwe traksuti, ile baridi ya Njombe ndiyo iliyomkaza. Nikamuuliza, "Mwalimu, anakwenda kukimbia au kulala?"

Akanijibu, "Mzee Yoeli, jirani yako Seleman akiwasha lori asubuhi, anaondoka hapo hapo?"

Seleman huliacha lori lingurume mpaka sote tumeamka na kumtukana. Mwalimu akasema mwili nao ndivyo ulivyo: unaupasha kwa kukimbia polepole, damu ichemke, kisha unavaa nguo nzito ili lile joto lisitoroke mpaka uitwe. Mimi wa darasa la tatu nikaelewa, hata wewe utaelewa.

Nikaenda sokoni kwa Salha wa mitumba. Siku hizi marobota yanaingia kila juma, utakuta mtu analima viazi na koti la harusi. Salha akavuta suti ya buluu, nzito, laini, imechorwa dubu wamefumba macho. "Mzee wangu, wallahi hii ndiyo traksuti yenyewe. Wanariadha wa Ulaya wanapenda dubu."

Nikaamini. Dafroza alipoiona akasema, "Baba, hizi ni nguo za kulalia." Nikarudi kwa Salha, akakataa kuzipokea.

Basi tukaenda nazo. Njombe ukungu umeshuka mpaka magotini. Wasichana wa shule moja kubwa walikuja na traksuti zinazong'aa. Walipomwona Zita wakashikana mabega kwa kicheko. Mhuni mmoja akapiga kelele, "We binti, amka, kumekucha!"

Zita akataka kuzivua. Nikamwambia anayechekwa ni mimi niliyenunua. Hakunisikiliza. Nikainama kama namrekebishia kamba ya suruali, nikaifunga lile fundo ninalofungia nguruwe wa mnada.

Mgeni rasmi akachelewa. Wale wasichana wa shule kubwa walishavua traksuti zao ili jezi mpya zionekane, wakasimama karibu saa nzima meno yakigongana. Zita wangu anarukaruka ndani ya dubu wake, amenuna lakini ana joto.

Mara wakaitwa mstarini. Fundo likagoma! Nikavuta, mwalimu akavuta, Zita analia, "Babu umeniua! Babu umeniua!" Nikatia meno, yale manne yaliyobaki, moja likacheza. Alfonsi, hapo utani wote uliniisha. Mwalimu akapata wembe kwa mama mmoja, akaikata kamba, mtoto akafika mstarini filimbi iko mdomoni mwa mwamuzi.

Mzunguko wa mwisho wale wa traksuti za kung'aa wakaanza kushika mapaja. Zita akawapita mmoja mmoja. Akawa wa pili! Wa kwanza ni msichana wa Uwemba, ambaye muda wote alikaa kajifunika blanketi la mama yake. Iringa tunakwenda.

Njia nzima hakunisemesha. Tulipokaribia Makambako akaanza kucheka peke yake.

Nisalimie Idda, Jenifer na Praygod. Dafroza na Zita wanawasalimu. Mungu awape afya, na wewe akuongezee akili kidogo.

Sasa sikiliza. Iringa ni tarehe kumi mwezi ujao, na Zita ameapa hakanyagi kule na dubu. Ulipomtaka Idda, mshenga alikuwa nani? Nilikaa kwao Iwawa siku tatu nikila viazi, nikimwambia baba yake kwamba wewe huamka alfajiri na pombe huijui. Mbele ya mchungaji! Ukasema, "Mjomba, siku yoyote ukiwa na shida niambie." Siku yenyewe ndiyo hii. Tafuta traksuti ya msichana wa miaka kumi na minne, umpe Seleman, Jumatatu ijayo atakuwa Kariakoo anapakia. Ukishindwa, mimi napanda basi kuja kumweleza Idda yote niliyomdanganya baba yake.

Mjomba wako anayekupenda hata hivyo,
Yoeli