Malengelenge ya Linda

Frere Town, Kisauni,
Mombasa.
14 Juni 2025

Mpendwa dada Kache,

Shikamoo. Natumai mguu umepunguza maumivu na mvua ya Tezo imewaachia kitu shambani. Sisi tu wazima, ila mabega yangu yamechoka. Magunia ya soko la Kongowea hayana huruma.

Nakuandikia habari za mwanangu Linda. Desemba, baada ya sindano ya paja, alitokwa na malengelenge. Muuguzi akaandika kwenye kadi kwamba huenda chanjo inamdhuru, asidungwe tena mpaka aonwe na daktari. Niliogopa, sikumpeleka. Sasa ametimiza miezi tisa, zamu ya chanjo ya surua, na nyumba ya tatu kutoka kwetu mtoto anaumwa surua hiyohiyo.

Jana mimi na Nduku tulimpeleka kwa Daktari Nasreen. Aliuliza mengi: yalitoka baada ya muda gani, alipumua kwa shida, alitapika, uso ulivimba? Tukasema la, yalitoka kesho yake, pajani na shingoni.

"Chanjo zilezile alishazipata mara mbili bila neno," akasema. "Na shingoni hakudungwa. Mama Linda, siku ile mikono yako ilishika nini?"

"Nilikuwa nabangua korosho mbichi alizotuletea wifi Kache. Nikanawa kwa maji tu, nikambeba. Baadaye nikamkanda paja."

Nikacheka. Nduku akanikata jicho. "Wacheka nini, Baba Linda?"

Dada, kwa mawazo nilikuwa nimerudi nyumbani. Mimi nawe nyuma ya jiko la mama, tukipasua korosho mbichi kwa meno. Jumapili kwaya iliimba bila sisi, midomo imevimba kama maandazi. Mama alitupaka mafuta ya nazi huku akitugombeza na kucheka. Natamani hata moshi wa jiko lile.

Nduku ni wa Makueni, angejuaje kuwa maji ya ganda la korosho yanaunguza ngozi? Wa kumwambia nilikuwa mimi. Usijilaumu kwa zawadi yako.

Daktari aliyakata maandishi ya kwenye kadi, akatia sahihi. Linda akadungwa, tukaambiwa tungoje nusu saa aangaliwe. Nilimkumbatia nikisikiliza kila pumzi.

Muda ulipotimia muuguzi akaniambia, "Mzee, mlegeze mtoto. Atavimba kwa kubanwa, kisha mtasingizia chanjo."

Nisalimie mjomba Kiponda na Tinga. Mungu awalinde hapo nyumbani, nami anijalie kuja.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Kadenge