Chakula Kinachomrudia Mama

Jumapili, Murungu

Nimechoka na neno "maringo". Leo Bibi mzaa baba amelisema tena mbele ya wageni, kwa sababu Mama hakukaa nasi kwenye sinia, alikula peke yake jikoni.

"Huyu mkamwana anaringa. Au mikono yetu inanuka?" Wageni wakacheka.

Mama haringi. Akishakula, chakula humpanda mdomoni bila kichefuchefu, naye hukitafuna upya. Daktari kule Kabanga alisema ni ugonjwa, huwapata watu wazima wachache, na yapo mazoezi ya kupumua yanayosaidia. Mama anaona haya; mtu akimkaribia wakati huo, hukimbilia nje. Alinikataza kusema.

Wageni walipoondoka nikamwambia Bibi yote. Akasema, "Kumbe! Mimi nilidhani ananichukia."

Jioni Bibi aliingia jikoni na ugali wake wa muhogo, akaketi karibu na Mama akiwa amempa mgongo. "Kula, mwanangu. Mimi naangalia moto."

Mama alinitazama. Nilijua amejua. Sijui kama atanisamehe, wala kama atapona.

Chakula kilimrudia kama kawaida, lakini hakuinuka kukimbilia nje.